Kumfunza Mtoto Kutotupa Kitu Chenye Manufaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika Ibadakuli, kata ya manispaa ya Shinyanga iliyo mbali na pwani, watoto huchezea vitu ambavyo wakubwa wamekwisha kuvitupa: mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na gari la waya lenye magurudumu ya ndara zilizokatika. Hali kadhalika watoto wa Tanga na Lamu. Basi huenda mtu akauliza: ikiwa mtoto hutumia tena vitu pasina kufunzwa, mzazi na mwalimu wamfunze nini?

Jawabu ni kuwa yapasa kutenga baina ya lifanywalo kwa dhiki na lifanywalo kwa nia. Mtoto asiyetupa kwa sababu hana kingine, siku atakapopata fedha atatupa. Bali aliyefunzwa kuwa neema ni amana, na kwamba ataulizwa juu yake, hatatupa katika dhiki wala katika wasaa.

Mafunzo haya si mageni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliona mzoga wa mnyama, akauliza kwa nini wenyewe hawakuichukua ngozi wakanufaika nayo, walipotaja kuwa ni mzoga, akawajulisha kuwa kilichoharamishwa ni kuula. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Basi kiraka si aibu. Wakubwa ndio wamfunzao mtoto kukionea haya.

Nyumbani, maji yaliyooshewa mchele yamwagiwe mche, na debe bovu lipandiwe mboga. Skuli, karatasi iandikwe pande zote mbili. Na chuoni, juzuu ihifadhiwe kwa heshima hata mdogo wake aisome. Shinyanga ni nchi kavu; mwaka 1986 ulianza huko mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kuirudisha miti iliyokwisha, na mtoto amwagiaye mche maji ya kunawia huiona faida kwa macho yake. Tena tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Basi mtoto atumwaye sokoni na apewe kikapu cha ukili, afunzwe kukirudisha na kukitunza.

Lakini mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza, si kila chombo hutumiwa tena. Katika machimbo madogo ya Geita hutumiwa zebaki kukamatia dhahabu, nayo ni sumu. Chombo kilichotiwa zebaki au dawa ya shamba kisitiwe maji wala chakula, hata kikioshwa mara nyingi; na mtoto afunzwe kutokigusa.

La pili, kuhifadhi si ubakhili. Qur'ani katika Suratul Baqara imekataza mtu kukusudia kibaya akakitoa sadaka, hali yeye mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi nguo yenye kiraka ivaliwe na mwenyewe, na nzima apewe maskini, na mtoto aitoe kwa mkono wake. Hapo ndipo atakapojua kuwa hakufunzwa kupenda mali.

Na baba amwambiaye mwanawe ahifadhi maji, naye akitawadha huliacha bomba wazi, huyo amekwisha kumfunza kinyume cha maneno yake. Mwenyezi Mungu awawafikishe wazazi na waalimu. Amin.