Mti wa Noeli na Mwaka wa Shida

Huko Oregon na North Carolina, Marekani, wapo wakulima ambao zao lao ni mti wa Noeli. Mti wenye kimo cha mtu hukaa shambani miaka saba hadi kumi, na mkulima huupogoa kwa kisu mwaka baada ya mwaka ili upate umbo. Mnunuzi huja Desemba mara moja, huuzunguka, huuliza bei, basi.

Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, miti ilikuwa tele na bei duni. Wakulima wengi wakapanda michache. Wengine wakaacha kabisa. Wakati ule hakuna mnunuzi aliyeona pengo. Lilionekana mwaka 2016 na 2017: miti haba, bei juu, manung'uniko. Wengi wamejinunulia wa plastiki, ambao haudai kupogolewa.

Je, nyumbani kwako? Mwaka ule fedha zilipokatika, labda mliacha kusali pamoja, mkaacha na mazungumzo ya jioni. Nyumba haikuanguka, sivyo? Basi Noeli hii, kabla ya kwenda sokoni, keti na mwenzako umwulize mliacha kupanda nini. Usimkatize akijibu, hata jibu likichoma.