Mbona Mbwa Mwitu Hakufugwa?

Liko swali moja ambalo watoto huwauliza walimu wao, na walimu wengi hulijibu kwa haraka wapate kuendelea na hesabu: Ikiwa mbwa wetu alikuwa mnyama wa porini hapo kale, na watu wakamfuga, mbona mbwa mwitu hakufugwa? Jibu la haraka ni kusema ya kuwa mbwa mwitu ni mkali. Lakini ukali hautoshi kuwa sababu. Fahali wa mwitu wa zamani, aliyekuwa babu wa ng'ombe, alikuwa mkali kabisa, mwenye pembe ndefu na nguvu za kutisha. Na leo wajukuu zake huchungwa na mtoto wa miaka minane mwenye kijiti mkononi. Basi ukali hauzuii kufugwa. Yatupasa kutafuta zaidi.

Tujue kwanza twanena habari za mnyama gani, maana jina hili limechanganya watu. Katika Biblia ya Kiswahili tunasoma habari za mbwa mwitu anayewanyang'anya kondoo. Huyo siye mnyama wa mapori yetu. Ni mnyama wa Ulaya na Asia, ambaye wafasiri walimpa jina lililokuwa karibu. Na ajabu ni hii: huyo mwizi wa kondoo aliyeogopwa na wachungaji wote ndiye babu wa mbwa alalaye mlangoni petu. Watu wa kale walimzoea, au yeye aliwazoea, zamani sana, yapata miaka 15,000 au zaidi iliyopita. Mbwa mwitu wetu wa Afrika hakuwa na sehemu katika jambo hilo. Jamaa yake na jamaa ya mbwa zilitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, wala hawawezi kuzaana. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, na wa mbwa wa nyumbani una vitano. Masikio yake ni mapana ya mviringo, na ngozi yake ina mabaka meusi, meupe na ya rangi ya udongo, wala hakuna wawili wenye mabaka yaliyo sawasawa. Mtaalamu Mholanzi, Temminck, alipomwandika mara ya kwanza mwaka 1820 alimdhani kuwa namna ya fisi.

Hapa Masumbwe, ambapo palihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, vijana wengi hawajamwona kwa macho. Si ajabu. Tangu miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walifyeka pori kwa maelfu, chini ya serikali ya Waingereza, ili kumfukuza mbung'o. Na pori lilipoondoka, wanyama waliondoka nalo. Leo mbwa mwitu wengi wa Tanzania wako kusini, upande wa Ruaha na katika nchi ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa iliitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Sasa turudi kwenye swali. Watu husema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo wengine hudhani ya kuwa mtu akimtwaa mtoto wa mbwa mwitu kabla hajafumbua macho, akamlea kwa maziwa, amekwisha kumfuga. Sivyo. Amemzoeza mmoja tu. Kuzoeza ni kazi ya mtu mmoja na mnyama mmoja, nayo hufa pamoja nao. Kufuga ni kazi ya vizazi: wanyama huzaa mikononi mwa watu, na watu huwaacha wapole wazae, wakali wasizae, hata upole uingie katika damu. Mwingereza mmoja tajiri, Walter Rothschild, aliwazoeza punda milia wakamvutia gari katika njia za London mwishoni mwa miaka ya 1890. Watu wakashangilia. Lakini Wadachi walipojaribu, miaka ile ile na iliyofuata, kuwafanya punda milia wa nchi ya Kilimanjaro kuwa wanyama wa kazi, walishindwa. Na punda milia yu porini mpaka leo.

Jaribio lililo wazi kuliko yote lilifanywa Urusi. Mwaka 1959 mtaalamu Dmitri Belyaev alianza, huko Novosibirsk katika Siberia, kuchagua mbweha waliofugwa vizimbani kwa ajili ya manyoya yao. Hakuwafundisha neno lo lote. Kila mwaka aliwachagua wachache waliowaogopa watu kidogo kuliko wenzao, akawaacha hao wazae. Katika kizazi cha nne walitokea watoto waliotikisa mkia walipomwona mtu. Baadaye walitokea wenye kulamba mikono ya watu, na wengine masikio yao yakalegea kama ya mbwa. Wengine wamesema ya kuwa mbweha wale walikuwa wa ukoo uliokwisha kukaa mashambani Kanada miaka mingi, kwa hiyo kazi haikuanza na mnyama wa porini kabisa. Nami naona neno lao lina haki. Hata hivyo twajifunza ya kuwa kufuga kwahitaji mambo mawili: mnyama akubali kuzaa mikononi mwa watu, na mtu awe na sababu ya kuendelea naye miaka mingi bila faida.

Mbwa mwitu wetu ana shida katika yote mawili. Chakula chake ni nyama aliyoiua mwenyewe, nayo ikiwa mbichi. Ni mara chache kula mzoga. Babu wa mbwa, wasema wengi, aliwakaribia watu kwa sababu ya mifupa na mabaki yaliyotupwa kando ya makambi yao, na wale wasio na woga mwingi ndio walioshiba. Mbwa mwitu hakuwa na haja na jalala la mtu. Tena nchi yake ni kubwa mno: kundi moja laweza kuzunguka katika eneo linalopita kilometa za mraba 500. Tena katika kundi, kwa kawaida, ni dume mmoja na jike mmoja tu wanaozaa. Jike aweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, katika shimo lililochimbwa na mhanga au ngiri, na wakubwa wote wa kundi hushirikiana kuwalisha. Wawindaji wakirudi huwatapikia nyama watoto, na yule aliyebaki kuwalinda, na hata mgonjwa asiyeweza kukimbia. Mtoto akifika penye mnyama aliyeuawa, hupewa nafasi ale kwanza. Sasa mtu atamfugaje mnyama huyu? Akimtwaa mmoja, amemvunja. Maana mbwa mwitu mmoja ni nusu ya kitu. Akiwataka wote, itampasa awe na nyama ya swala kila siku.

Liko na jambo jingine, ambalo mimi hulipenda. Mwaka 2017 wataalamu waliokuwa Botswana walieleza ya kuwa mbwa mwitu, kabla ya kuondoka kwenda kuwinda, hukusanyika na kupiga chafya. Zikiwa nyingi, kundi huondoka. Zikiwa chache, hulala tena. Wakubwa wakianza wao, chafya chache zatosha. Wadogo wakianza, hutakiwa nyingi. Baraza la namna hii lipo katika vijiji vingi.

Na mbweha je, yule bweha tunayemsikia usiku? Yeye hula kila kitu, hata panzi na matunda, naye huja mpaka kando ya nyumba. Kwa chakula tu angefaa. Lakini bweha hukaa mume na mke na watoto wao, hana kundi kubwa la kufuatana; na zaidi ya hayo, kazi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mbwa alikuwako Misri miaka elfu nyingi kabla ya Kristo, akashuka kusini pamoja na wafugaji. Mtu mwenye mbwa mlangoni hana sababu ya kuanza upya na bweha.

Neno hili laondoa matusi ya zamani. Waliandika watu wengine ya kuwa Waafrika walikaa katikati ya wanyama wengi kuliko watu wote wa dunia, wala hawakufuga hata mmoja, kana kwamba ni uvivu. Si kweli. Punda, aliyebeba mizigo ya Misri na ya nchi zote za Mashariki, alifugwa kwanza Afrika, upande wa kaskazini mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kanga naye ni wa kwetu. Aliyefugika alifugwa. Na Wazungu walipokuja na kamba zao na mazizi yao, hawakuongeza mnyama hata mmoja mkubwa juu ya wale waliowakuta.

Lakini mimi naona chini ya swali la watoto liko swali jingine, zito zaidi. Tunapomwita mnyama mwema, twasema nini? Mara nyingi twasema tu ya kuwa atufaa. Mbwa mwitu aliitwa katili, kwa sababu humrarua mnyama angali hai. Na hata watunzaji wa hifadhi walimpiga risasi kwa ajili hiyo, jambo lililoendelea Serengeti mpaka miaka ya 1970. Simba, ambaye huwaua hata watoto wa simba mwenzake, alisifiwa na kuwekwa katika nembo za wafalme. Sijui ni kipimo gani kilichotumika. Kama kipimo ni huruma kwa wenzake, mbwa mwitu amwacha simba nyuma, naye amwacha mbwa wetu nyuma pia, maana mbwa dume wa kijijini hawajui watoto wake. Msomaji wa Kitabu cha Ayubu atakumbuka ya kuwa punda wa mwitu anatajwa humo kama mnyama aliyeachwa huru na Muumba mwenyewe, wala hatajwi kwa kulaumiwa.

Mtu aweza kunijibu, Mwalimu, wewe huna mbuzi. Ni kweli ya kuwa mbwa mwitu huua mbuzi na kondoo, na mtu aliyeamka akakuta zizi limemwagika damu hatatulizwa na maneno ya gazeti. Ana haki ya kulinda mali yake. Haki hiyo siibishi. Ninachobisha ni kumhukumu mnyama kuwa mwovu kwa kuwa hakuingia katika utumishi wetu.

Tena tumtazame yule aliyeingia. Mbwa aliacha pori akatufuata, na kwa kumfuga tumejifunga sisi pia: tumlishe, tumtibu, tusimwache azurure na ugonjwa. Je, tumelitimiza? Katika vijiji vingi mbwa hulinda usiku kucha, na asubuhi hupewa jiwe. Hachanjwi. Naye asipochanjwa hubeba kichaa cha mbwa, kinachoua watoto wetu, na maradhi mengine yanayovuka mpaka wa pori. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliingia Serengeti, ukaua simba wapatao theluthi moja. Miaka michache kabla yake, mwaka 1991, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa katika mbuga za Serengeti yalitoweka; kichaa cha mbwa kilikwisha kuonekana katika baadhi yao, ingawa wataalamu walibishana sana juu ya sababu yote. Basi yule asiyefugwa aliumizwa na yule tuliyemfuga tusimtunze.

Baadaye, katika miaka ya 1990, mbwa wa vijiji vilivyo kando ya Serengeti wakaanza kuchanjwa. Na mwaka 2012 serikali, kwa mkono wa taasisi yake ya utafiti wa wanyamapori, ikaanza kuwarudisha mbwa mwitu katika hifadhi. Waliwachukua kutoka Loliondo, mahali walipogombana na wafugaji kwa ajili ya mifugo, wakawaweka kwanza ndani ya boma, wakiwalisha, hata wazoee mahali, kisha wakawafungulia.