Daktari wa Wanyama ni Mtumishi wa Nani?

Katika kisiwa cha Mafia ng'ombe hulishwa chini ya minazi, na mwenye shamba hupata faida mbili, ya majani kuliwa na ya samadi. Huko Kiegeani, kama katika kata nyingine za kisiwa, mtu mwenye ng'ombe wawili au mbuzi watano hahesabiwi kuwa tajiri, walakini anayo akiba yake kwa siku ya msiba au ya ugonjwa. Basi mnyama huyo akishikwa na homa, akalala asiweze kusimama, mwenyewe hutuma kumwita daktari wa wanyama, au bwana mifugo. Hapo ndipo lizukapo swali tutakalo kulitazama: mtu huyu ajaye na mkoba wa sindano, amekuja kumtumikia nani? Je, ni mnyama aliyelala, au mwenye mnyama, au majirani ambao hawakumwita?

Wengi hujibu upesi ya kuwa humtumikia mwenye mali, kwa maana ndiye alipaye. Jibu hili halifai kudharauliwa. Mtu asiye na gari wala shamba kubwa, mnyama wake ni mkono wake wa pili. Tutazame mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake ni vyembamba, nao punda huchukua mchanga, mawe na maji tangu zamani. Mwaka 1987 chama cha Bibi Elisabeth Svendsen wa Uingereza kilifungua huko mahali pa kuwatibu punda pasipo malipo, vidonda vya migongo na minyoo ya tumboni. Wako waliouliza, na swali lao si la kipumbavu: Je, ni haki punda atibiwe bure, na mwanadamu hospitalini alipe? Wenye kuwatetea punda hujibu ya kuwa punda akipona, watoto wa mwenyewe hula. Ni kweli. Lakini angalieni, wasomaji, jibu hilo hufika mpaka wapi. Hufika mpaka siku punda atakapozeeka. Siku hiyo hana faida tena, na kwa hoja ile ile iliyomponya jana, leo aachwe jalalani afe kwa kiu. Moyo wa mtu hukataa, hata moyo wa mtu mgumu. Basi liko deni jingine zaidi ya faida.

Sisi twaona ya kuwa deni hilo hutoka katika kamba. Mnyama wa porini akiumwa huenda atakako, hutafuta maji, hutafuta kivuli, hujificha mpaka apone au afe. Yule wetu tumemfunga. Tumemnyang'anya miguu yake, naye hawezi kuyafikia maji ila tumpelekee, wala hawezi kumkimbia kupe tuliyemweka naye zizini. Aliyemwondolea mwingine uwezo wa kujisaidia amejitwika kazi ya kumsaidia, hata kama hakunena neno la ahadi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyotungwa Tanzania mwaka 2008, yakataza kumtesa mnyama. Nasi twadhani sheria hiyo haikuleta jambo geni, imeandika tu lile ambalo kila mchungaji mwema wa mbuzi alilijua.

Walakini yuko bwana wa tatu, naye ndiye mzito kuliko wote, ingawa hayupo zizini. Ng'ombe akifa kwa kimeta, daktari husema: Msimpasue, msimle, mzikeni chini sana. Vijidudu vya kimeta hukaa udongoni miaka mingi, na damu iliyomwagika leo yaweza kuua mifugo ya wajukuu. Mwenye ng'ombe aona nyama ya kilo nyingi yafukiwa, na jikoni hamna kitu. Kadhalika ng'ombe wa maziwa akichomwa sindano ya dawa kali, maziwa yake hayafai kuuzwa kwa siku zilizoandikwa juu ya chupa. Mtu asidanganyike kwamba yakichemshwa yamekwisha kuwa salama. Moto huua vijidudu, lakini dawa nyingi za namna hiyo haziondoki kwa moto. Mnunuzi hajui. Mtoto anywaye hajui. Ajuaye ni daktari na mwenye ng'ombe peke yao, na mmoja wao ana njaa.

Tena tutazame Pemba na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akiisha kuonyesha dalili zake karibu kila mara hufa. Katika kisiwa kile watu wengi hawapendi hata kuguswa na mbwa. Hata hivyo walioupunguza ugonjwa ni wale waliowashika mbwa mmoja mmoja na kuwachanja. Wataalamu husema yafaa kuchanja kama mbwa 70 katika kila 100. Mwaka 2014 ugonjwa ulikoma kisiwani. Kazi ya kuchanja ikalegea, nao ukarudi mwaka 2016. Wakaanza tena, hata mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Aliyemchanja mbwa yule alimtumikia mtoto ambaye hatalijua jina lake.

Basi mabwana hawa watatu wakigombana, nani atangulie? Sisi twasema, pale ambapo ugonjwa waweza kuvuka ua, jirani atangulie. Kisha mnyama na maumivu yake. Mwenye mali awe wa mwisho, ijapokuwa ndiye alipaye. Najua wako watakaoona neno hili ni kali, na kwa kweli ni kali, kwa kuwa hasara yote humwangukia mtu mmoja maskini, na faida huwaendea mia. Hapa ndipo twaona watu wengi husimama mapema mno katika kufikiri kwao. Humsifu daktari aliyekataza nyama isiliwe, humlaumu mwenye ng'ombe aliyeichinja kwa siri usiku, wala hawajiulizi wao walimletea nini. Kama kijiji kizima kimeokoka kwa ng'ombe mmoja kufukiwa, haifai kijiji kizima kimwache mtu yule peke yake na zizi tupu. Watu wakichanga ndama, au hata debe moja moja la unga, daktari atasikilizwa safari nyingine. Wasipochanga, safari nyingine hataitwa kabisa, na nyama itauzwa vipande vipande kabla ya jua kuchomoza.