Kunyima na Kutunza

Mtu anyimaye maji huitwa mkatili, na ayamiminaye huitwa mwema. Hukumu hii ni nyepesi, na kwa miaka mingi nami nilikuwa miongoni mwa mahakimu wake. Iliyonipinga ni dungusi ndogo ya milimani, ambayo kimo chake hakikuzidi yai la kuku.

Asili yake ni milima ya Andes, katika Bolivia na kaskazini ya Argentina. Wataalamu huiita Rebutia, kwa heshima ya Mfaransa Pierre Rebut, aliyekuza mimea ya jamii hiyo. Isidhaniwe kuwa ndugu wa mnyaa wa nyua zetu za Usukuma. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe uunguzao macho, wala si dungusi kabisa. Mche wangu wa kwanza niliupanda hapa Bariadi katika kopo la udongo mweusi wa mbuga, ule ule uoteshao pamba yetu, nikaumwagilia maji asubuhi na jioni. Kila uliponyong'onyea niliongeza maji. Siku moja niliugusa ukaanguka ubavu: mizizi ilikuwa imekwisha kuoza. Niliua kwa mkono mwema.

Wa pili niliupanda katika luseni, mchanga wa vilimani, nikachanganya na changarawe na kulitoboa kopo chini. Masika niliupa maji udongo ulipokauka tu. Juni hata Septemba, usiku wa baridi na mchana wa vumbi, sikuupa kitu. Ulisinyaa kama ngumi ya kikongwe. Mama mmoja jirani, akitoka kisimani na ndoo kichwani, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, huyu amekukosea nini?" Sikuwa na jibu.

Oktoba matumba mekundu yalichomoza ubavuni, karibu na shina, si kileleni. Maua yakafunguka kwa jua la mchana, yakafumba jioni.

Furaha yangu ilifuatwa na hofu. Je, niseme sasa kuwa kiu ni mwalimu? Walioshiba hulipenda sana somo hili. Nimepata kumsikia mtu mzima, baada ya chakula kizuri, akisema kuwa njaa huwakomaza watoto wa shule. Katika nchi ambayo kiangazi huwalazimisha watu kufukua mchanga wa mto mkavu ili kupata maji, maneno hayo ni mzaha mbaya. Dungusi ina akiba mwilini mwake. Vitundu vya ngozi yake hufunguka usiku na kufumba mchana, isipoteze unyevu wake. Kiu yake ya miezi ya baridi ni usingizi iliourithi. Mtoto hana ghala la namna hiyo. Kiu yake ni deni la mtu mwingine.

Lakini hata kwa dungusi sikuwa na haki ya kunyima na kwenda zangu. Niliishika kila juma, nikiupima ulaini wake kwa kidole. Niliichungulia kwa ajili ya utitiri mwekundu, ambao hupenda ukavu na kuacha ngozi ikiwa na rangi ya kutu. Laiti ningeiacha bila kuitazama, kopo lingekuwa kavu vile vile, na mpita njia asingeona tofauti kati ya mtunzaji na mtelekezaji. Kwa hiyo yule mama alikuwa na haki ya kuuliza, na nilipaswa kuwa na jibu siku ile ile, kabla maua hayajanitetea. Kama yasingalitoka, ningalijiteteaje?

Alipita tena Oktoba, akayaona, akacheka, akaomba chipukizi. Nilimbandulia moja pamoja na mchanga wake. Akauliza aanze lini kulipa maji. Nikamwambia asubiri wiki moja, jeraha likauke, kisha ampe kidogo. Alinyamaza akiangalia mbingu, ambayo haikuwa na wingu, akaniomba nimsaidie kuitua ndoo apumzike.