Kustarehe penye msiba: Ni msaada au ni dhuluma?

KATIKA darsa letu la baada ya swala ya Magharibi hapa Sumbawanga, kijana mmoja mwenyeji wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Amepata kazi kwenye boti ya watalii wanaozamia kwa mitungi ya hewa kuangalia samaki wa rangi mbalimbali wa ziwa letu. Ziwa hilo lilifura mwaka 2020 na 2021, likafura tena 2024, na kuingia majumbani mwa watu tangu Bujumbura na Kigoma. Nyumba ya mjomba wake nayo ilizama. "Ustadhi," akasema, "wageni wataogelea juu ya kiwanja cha mjomba wangu huku wakicheka. Ujira wangu utakuwa halali?"

Wapo waliomjibu haraka kuwa ni haramu. Mmoja alikumbusha kuwa Mtume (s.a.w.), akielekea Tabuk, alipita Hijr, nchi ya Thamud, akawakataza Masahaba kuingia makazi yale isipokuwa wakiwa wanalia. Hoja ni nzuri lakini imewekwa mahali sipo. Thamud waliadhibiwa kwa kumkadhibisha Mtume wao. Ama Muislamu aliyekufa kwa kuzama, Mtume (s.a.w.) huyo huyo amemhesabu miongoni mwa mashahidi. Tuna ushahidi gani wa kumfanya mvuvi wa Kirando kuwa Thamud? Tuache tabia ya kuwahukumu waliofikwa na balaa ili sisi tulio salama tujione wema.

Ndugu msomaji, swali la kijana huyu liliikabili dunia nzima baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu zaidi ya 220,000 kandokando ya Bahari ya Hindi, na kufika hadi hapa Tanzania. Hebu tuiangalie Maldives, nchi ya Waislamu yenye visiwa vipatavyo 1,200. Huko watalii wengi hupanda boti wanazolala humo humo kwa wiki nzima, wakihama mwamba hadi mwamba, asubuhi na jioni wakizamia. Watu zaidi ya 80 walikufa. Matumbawe hayakuharibiwa sana na mawimbi yale. Yalikuwa yameumizwa zaidi na joto la bahari la mwaka 1998. Kwa hiyo kilichowavutia wazamiaji kilikuwepo bado. Serikali ya huko, ambayo uchumi wake unategemea utalii, ikawasihi wageni warudi, kwamba kuja kwao ndiyo msaada.

Je, ilikuwa kweli? Nusu yake ni kweli. Nahodha, mpishi na muuza samaki hawali machozi ya wageni. Mgeni akikaa kwao kwa huruma, watoto wao ndio watakaolala na njaa. Kwa hiyo kwenda si dhambi, na wala Uislamu haukukataza kutembea katika ardhi na kutazama maumbile ya Mwenyezi Mungu.

Lakini ipo nusu ya pili. Hoteli nyingi za Maldives zilikuwa zikipokea wageni ndani ya miezi michache. Watu wa kisiwa cha Kandholhudhoo, ambacho mawimbi yalikifanya kisikalike tena, walikaa katika makazi ya muda takriban miaka minne kabla ya kupata nyumba mpya katika kisiwa cha Dhuvaafaru. Basi tukisema utalii umeinuka, tuulize: ameinuka nani?

Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala. Baada ya msiba bei hushuka, na wapo wanaokwenda kwa sababu ya ule urahisi. Mtu huyo hulipa nusu ya thamani, hustarehe kikamilifu, kisha hurudi kwao akisimulia kuwa amewasaidia waathirika. Wanazuoni wamejadili biashara ya mtu aliyebanwa na dhiki, na wapo waliochukia kununua mali yake chini ya thamani kwa kuwa tu hana ujanja. Biashara ni biashara na sadaka ni sadaka. Anayenunua starehe kwa bei ya haki hana lawama, ila asidai thawabu za mtoa sadaka. Na anayeinunua kwa bei ya dhiki ya mwenzake, huyo ana deni.

Tusimcheke Mzungu mwenye mtungi mgongoni. Sisi wa mjini, huku juu Ufipa, tunakula migebuka na dagaa wa ziwa lile lile. Mvuvi aliyepoteza nyumba hana pa kuhifadhi samaki wake, anauza kwa bei yoyote. Sisi tunambana mpaka senti ya mwisho, tukifika nyumbani tunasema "Alhamdulillah, leo nimepata kwa bei chee". Wangapi kati yetu tulirudi na mchango, au walau tulilipa bei ya siku za kawaida? Tofauti yetu na yule mzamiaji ni kwamba yeye amevaa miwani ya majini.

Kijana wetu nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia: kuendesha boti na kujaza mitungi ni kazi halali, ila usihudumie pombe. Mgeni asipige picha magofu ya watu bila idhini yao. Mwambie mahali pale palikuwa na nyumba, na alikuwa akiishi nani. Na mwombe tajiri wako anunue samaki na mboga kwa watu wa kijiji, kwa bei ya haki.

Akaniuliza, "Na akikataa?" Nikamwambia, basi anza wewe kwa mshahara wako, umkumbuke mjomba. Kisha nikajiuliza mimi mwenyewe ninunuaye samaki pale sokoni kila Jumamosi: ninaanza lini?

Wallahu a'lam.