Duncan akiwa benchi

Fainali ya NBA 2013, mchezo wa sita, Miami. San Antonio wanaongoza kwa pointi tatu, sekunde zinahesabika. Kocha Gregg Popovich anamtoa Tim Duncan, mwenye pointi 30, ili wabaki watu wepesi wa kuwakimbilia wapigaji wa mbali. LeBron James anakosa. Chris Bosh anaunasa mpira uliorudi, anampa Ray Allen: tatu, ngoma droo. Miami wakashinda muda wa nyongeza, baadaye ubingwa.

Huku kwetu ilikuwa alfajiri. Tulimlaumu kocha hata kabla ya chai. Lakini Bosh angeukosa ule mpira, si tungemwita mwerevu? Hesabu yake ingekuwa ileile. Tunahukumu uamuzi, au bahati iliyoufuata? Ukiniuliza, Popovich alikuwa sahihi. Na bado natamani angemwacha Duncan ndani.