Je, Nia Njema Yamtosha Mhandisi?

Wazazi wengi huona fahari mtoto wao anapochaguliwa kusomea uhandisi wa mitambo. Fahari hiyo ni halali. Lakini twaona vema kuwauliza wao na watoto wao swali moja: je, yatosha kwamba mtambo wafanya kazi, na kwamba aliyeuunda alikuwa na nia njema?

Tutazame jokofu, au friji kama wengi waitavyo. Gesi zilizotumika zamani ndani yake zilikuwa na sumu, na zilipovuja ziliua watu majumbani. Thomas Midgley, Mmarekani aliyehitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1911, pamoja na wenzake, walitafuta gesi nyingine, nayo ikatangazwa mwaka 1930. Haikuwaka moto wala haikudhuru mapafu. Watu wakashangilia. Ndipo mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonya kwamba gesi za namna hiyo, zikifika juu, hula tabaka la ozoni litukingalo na mionzi mikali ya jua. Tena huzuia joto kuliko hewa ya ukaa mara maelfu.

Je, walioivumbua wana hatia kwa jambo hilo? La hasha, hawakujua. Lakini sisi twajua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziacha gesi hizo. Zilizoshika nafasi yake haziharibu ozoni, lakini nyingi huongeza mno joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo. Wazee walisema: kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Hata hivyo, mapatano hayatimizwi na karatasi. Hutimizwa na mhandisi achaguaye gesi itakayotumika, unene wa kuta za jokofu na uimara wa viungo vya mabomba. Maana hapo ndipo huamuliwa umeme utakaoliwa na gesi itakayovuja kwa miaka mingi ijayo. Hutimizwa pia na fundi aliyechutama nyuma ya jokofu bovu, awe Mwanza au Nakuru. Akifungua bomba na kuiachia gesi iende zake, atamaliza upesi, na hakuna atakayemwona. Akiinyonya kwa mashine na kuihifadhi katika mtungi, atachelewa, na labda mwenye jokofu atanung'unikia gharama. Hapo ndipo dhamiri yake hupimwa, wala hawezi kujitetea kwamba nia yake ilikuwa njema tu.

Basi, ndugu wazazi, mtoto wenu arudipo likizo, msimwulize tu kwamba atalipwa kiasi gani. Mwulizeni pia: ile gesi ya jokofu ulilolitengeneza imekwenda wapi? Nasi tuitao mafundi majumbani kwetu, tuwe tayari kulipa gharama ya kazi iliyofanywa kwa haki.